Mikono ya Kushoto

Hasira ya Scovia Nyatichi ilianza siku ile Mwalimu Mkuu alipoingia katika darasa lake la Kidato cha Tatu na kuwafundisha watoto wa watu kudanganya. Tena hakunong'ona. Bwana Omanga alisimama mbele ya ubao, tumbo mbele, mikono nyuma, akalieleza jambo lake hatua kwa hatua, kwa uvumilivu ambao walimu wake hawakuwahi kumwona nao akieleza kitu chochote cha masomo.

Mgeni anakuja, alisema. Ni afisa wa elimu, mama mkubwa, na atakaa pale nyuma kusikiliza somo la Kiingereza. Mwalimu Nyatichi akiuliza swali, darasa zima liinue mikono, asibaki hata mmoja. Anayejua jibu ainue mkono wa kulia. Asiyejua ainue wa kushoto. Mwalimu atamchagua wa kulia, jibu litatoka safi, na mgeni ataandika kwamba shule hii ina vichwa. Watoto wakacheka. Omanga naye akacheka, akawaambia wajaribu, na mikono ikapanda juu.

Nyatichi alikuwa amesimama kando ya dirisha, chaki mkononi. Hakucheka. Lakini pia hakusema neno, na hilo ndilo lililomchoma zaidi alipolikumbuka jioni akiosha vyombo. Mtu mzima, mwalimu, anatazama upuuzi wa namna ile ukifanyika ndani ya darasa lake, halafu anafunga mdomo kana kwamba umetiwa gundi.

Aliufunga kwa sababu alikuwa mwalimu wa bodi. Asiyejua maana yake na amshukuru Mungu. Mwalimu wa bodi huajiriwa na shule yenyewe, si serikali. Hufundisha vipindi vingi kuliko wenzake, husimamia michezo, husimamia usafi, na siku mwalimu mkuu akiamka vibaya anaweza kumwambia asirudi kesho, basi, mambo yameisha. Nyatichi alikuwa ameishi hivyo miaka na mikaka, hapa katika shule ya kutwa nje kidogo ya Ndhiwa, akiwaona vijana aliowapokea wakiwa bado wanajifunza kazi wakiajiriwa na serikali na kuondoka zao. Kila mara kulikuwa na sababu. Mara nafasi zimejaa, mara subiri awamu ijayo, mara jina lake limerukwa na hakuna anayejua limerukwa vipi. Safari hii Omanga alimwambia waziwazi. Afisa akiandika ripoti nzuri juu ya somo lako, nafasi ni yako. Akiandika mbaya, mimi sina la kukusaidia.

Na nyumbani Migori kulikuwa na Nyaboke, binti yake, aliyelelewa na nyanyake kwa sababu mama mtu hakuwa na uhakika wa kesho. Kila Sabato baada ya kanisa msichana huyo alipiga kwa simu ya nyanyake na kuuliza jambo moja tu, wataishi pamoja lini. Nyatichi alikuwa amechoka kumjibu kwamba Mungu akipenda. Safari hii alikuwa amemjibu kwamba ni mwaka huu.

Kwa hivyo akameza mate, akakubali.

Omanga ndiye aliyechagua mada. Alitaka kitu kizito, kitu cha kumfanya mgeni akae wima, na alichochagua ni nyakati za Kiingereza: ile hali ya kuendelea, ile hali timilifu, na ile ya tatu inayoziunganisha zote mbili. Nyatichi hakuwa na ugomvi na mada. Aliipenda. Alijua pia kwa nini watoto wa huku huikosea. Kwa Kijaluo mtu akisema achiemo, huenda anakula sasa hivi, huenda ameshakula. Sikio la mwenyeji husikia tofauti katika kupanda na kushuka kwa sauti, lakini kwenye karatasi neno ni lile lile. Yeye mwenyewe, Mkisii wa Migori, aliambiwa hivyo na majirani zake hapa Ndhiwa. Sasa mtoto aliyekulia katika neno hilo unamletea Kiingereza na vijineno vyake, is, has, has been, unamtaka avipange bila kumwonyesha kila kimoja kina kazi gani. Atakariri. Atachanganya. Atachorewa mistari myekundu daftari zima na kujiona mjinga, na wala si mjinga.

Njia ya kulifundisha somo hili alikuwa nayo. Ilikuwa ni sufuria ya Mama Phanice, mpishi wa shule, aliyechemsha nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, kwenye jiko la kuni nyuma ya madarasa. Mama Phanice anapika: nenda ukachungulie, moto unawaka, mwiko uko mkononi. Mama Phanice amepika: moto umezimwa, lakini chakula kiko mbele yako, na ndiyo maana unakizungumzia. Mama Phanice amekuwa akipika tangu asubuhi: alianza kitambo, bado anaendelea, na wewe njaa inakukata. Mtoto yeyote aliyewahi kupanga foleni na sahani angelielewa jambo hilo kabla kengele haijalia.

Angelielewa, kama angefundishwa. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kufundisha? Vipindi vyote vya Kiingereza viligeuka mazoezi. Omanga aliyaandika maswali mwenyewe, akayaandika na majibu, akayagawa kama unavyogawa sehemu za mchezo wa jukwaani. Japheth, kijana mkakamavu wa safu ya mbele mwenye sauti ya kutangaza mpira, alipewa swali la kwanza na la mwisho. Wengine wa mbele walipewa ya katikati. Waliobaki walipewa mkono wa kushoto. Wiki mbili nzima Nyatichi aliuliza maswali yale yale, akajibiwa majibu yale yale, na Omanga akapita mlangoni kusikiliza, akitikisa kichwa kwa raha.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, aliketi Eucabeth. Alikuwa amewazidi wenzake umri kwa sababu aliacha shule akaenda Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, kumsaidia mama yake kuosha mchanga, kisha akarudi mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Mtoto anayerudi shuleni kwa miguu yake mwenyewe anakitaka kitu. Eucabeth alitaka kuelewa. Alikuwa wa kuuliza mpaka wenzake wanaguna. Kabla ya mambo haya ya mgeni, alimfuata Nyatichi hadi kwenye chumba cha walimu kumuuliza mtu atajuaje wapi pa kusema has been na wapi pa kusema has peke yake. Nyatichi alimwambia angoje, watafika hapo darasani.

Siku moja katika mazoezi swali liliulizwa, na Eucabeth akainua mkono wa kulia. Alidhani analijua jibu. Huenda alilijua, huenda hakulijua, hatutajua, kwa sababu Omanga alikuwa mlangoni.

"Wewe ni wa kushoto," akamwambia. "Shusha huo."

Akaushusha. Akainua wa kushoto. Darasa likacheka kidogo, kisha somo likaendelea, kama kuna aliyekuwa akiliita somo.

Mchana huo kwenye foleni ya nyoyo Nyatichi alisikia jina jipya. Wa Kushoto, sogea. Wa Kushoto, shika sahani na mkono wako ule. Na huku kwetu, kama mjuavyo, hupewi kitu ukakipokea kwa mkono wa kushoto, wala humpi mtu mzima kitu kwa mkono huo. Ni mkono wa aibu. Nyatichi aliwashukia watoto wale kwa maneno makali, akawaambia atakayelirudia jina hilo atamwona, nao wakanywea. Lakini kelele zote zile alijua zinamwendea asiyehusika. Watoto walikuwa wamefundishwa, na wamefundishwa vizuri.

Akaenda ofisini. Alimweleza Omanga kwamba darasa limegawanyika, kwamba watoto wa nyuma wameacha hata kufungua madaftari, kwamba anaomba siku mbili tu za kulifundisha somo lenyewe kabla mgeni hajafika. Omanga alimsikiliza akichokonoa meno. Alimwambia afundishe akishaajiriwa, atakuwa na miaka ishirini ya kufundisha. Kisha akamuuliza kama kazi anaitaka au haitaki, kwa sababu wanaoitaka wako wengi, na wengine wako Oyugis, wanangoja simu tu.

Nyatichi alisema anaitaka. Alitoka ofisini, akasimama nyuma ya choo cha walimu mpaka pumzi ikamrudi. Hasira ya mtu anayeweza kuondoka ni kitu kidogo, anaondoka nayo na inaishia njiani. Yeye alilazimika kuirudisha darasani, aiweke mezani pamoja na vitabu, awaambie watoto fungueni ukurasa fulani.

Mgeni alikuja. Afisa Risper alishuka garini akiwa na mkoba mkubwa na uso wa mtu aliyeamka mapema mno. Alipelekwa ofisini kunywa chai na mandazi, na jogoo wa Omanga alikuwa ameshakatwa shingo nyuma ya jiko, Mama Phanice akimnyonyoa na kulalamika chini kwa chini kwamba nyoyo ya watoto itachelewa. Kisha wakaingia darasani, Risper na Omanga, wakaketi nyuma. Omanga alikaa mahali ambapo Nyatichi angemwona kila akiinua macho.

Somo likaanza. Nyatichi akauliza swali la kwanza, na mikono yote ikapanda juu kwa pamoja. Aliona kulia, aliona kushoto. Akamwita Japheth. Japheth akasimama, akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, sauti ikajaa darasa. Risper akaandika. Swali la pili, mikono, jibu. La tatu, vilevile. Mambo yalikwenda kama yalivyopangwa, na Omanga alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Swali la nne lilikuwa la msichana wa safu ya pili. Mikono ikapanda. Na kule nyuma, hatua chache kutoka alipoketi mgeni, Eucabeth alikuwa ameinua wa kulia.

Hakuuinua kwa makosa. Alikuwa ameunyoosha mpaka bega limepanda, na macho yake yalikuwa kwa Nyatichi, hayaendi kwingine. Omanga alimwona. Akamtazama Nyatichi, akatikisa kichwa polepole: hapana. Msichana wa safu ya pili tayari alikuwa ameanza kuinuka.

Angeweza kumruka Eucabeth. Ni jambo la kutaja jina moja badala ya jingine. Nyatichi alimfikiria Nyaboke, aliifikiria Migori, na wakati huohuo akahisi uchungu wa wiki mbili na wa miaka yote iliyotangulia, akajua kwamba akimruka mtoto huyu leo hatajiita mwalimu tena mbele ya mtu yeyote.

"Eucabeth," akasema.

Eucabeth alisimama. Alifungua mdomo, akaanza vizuri, akachanganya, akarudi nyuma, akachanganya tena. The cook is cook, alisema. The cook has cooking. Mtu mmoja akacheka puani. Eucabeth hakukaa. Alibaki amesimama, jasho likimtoka, akingoja.

Na hapo Nyatichi akayaacha maswali ya Omanga yalipokuwa. Alitembea kati ya madawati mpaka nyuma, akasimama kati ya mgeni na Eucabeth, mgongo wake ukiwa kwa mgeni, adabu au si adabu. Alimuuliza kwa Kiingereza chepesi anasikia harufu gani. Eucabeth akasema moshi. Akamuuliza ni nani aliye jikoni, ana nini mkononi, anafanya nini dakika hii. Akamwambia achungulie mlangoni aone. Akamuuliza kama chakula kiko tayari. Hakiko. Basi huwezi kusema amepika, unaona? Alianza lini? Asubuhi, kabla ya kengele. Na ameacha? Hajaacha. Nyatichi alikwenda naye hivyo pole kwa pole, hatua kwa hatua, alivyotaka kwenda tangu mwanzo, na darasa likageuza shingo kutazama. Eucabeth alikosea, akarekebishwa. Alikosea tena, na mara hii akajirekebisha mwenyewe. Kisha uso wa Eucabeth ukabadilika. Mwalimu yeyote aliyewahi kuuona uso huo anaujua, na ndio unaomfanya arudi kazini kesho yake.

"The cook has been cooking since morning," akasema Eucabeth. Amekuwa akipika tangu asubuhi. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

Nyatichi akamwambia vizuri sana. Sasa atunge sentensi yake mwenyewe, isiyo ya jikoni, ya kitu kilichoanza zamani na bado kinaendelea. Wala hakuwa na hila yoyote, hivyo ndivyo somo lilivyotaka.

Eucabeth alifikiri. Hakumtazama mtu.

"The principal," akasema, "has been telling me to raise my left hand."

Mwalimu mkuu amekuwa akiniambia niinue mkono wa kushoto. Ilitoka bila kosa hata moja. Omanga alikohoa, akakohoa tena, akatoa kitambaa. Kalamu ya Risper ilisimama juu ya karatasi.

Nyatichi akahisi kitu kinachofanana na raha. Sasa limesemwa. Hakulisema yeye, lakini limesemwa mbele ya mwenye kalamu, na mwenye kalamu ni mtu wa elimu, atauliza, na Omanga atajibu. Alijiambia kwamba hata kazi ikipotea, haki itakuwa imefanyika katika chumba hiki. Maskini Nyatichi, kati ya wasomi wote wa Ndhiwa na vitongoji vyake, yeye ndiye aliyekuwa bado anaamini mambo kama hayo.

Risper alifunga daftari lake, kidole kikiwa ndani, akainuka, akamwashiria Nyatichi watoke nje. Walisimama barazani. Omanga aliwafuata, akabaki mlangoni.

Alichotarajia Nyatichi ni kuulizwa jambo hili lilianza lini. Risper hakuuliza. Alikuwa amekasirika, ndiyo, lakini alikuwa amemkasirikia yeye.

"Madam, kwani unadhani mimi sijui?" akasema. "Kila shule ninayokwenda ni hivyo hivyo. Mimi huangalia wa kulia, naandika, naenda. Wewe ndiye umetaka kunionyesha wa kushoto."

Risper aliendelea kwa sauti ya mtu anayemsaidia mjinga. Alisema ana shule nyingine mbili leo na barabara ni mbaya. Alisema haoni sababu ya mwalimu mwenye Kiingereza kizuri hivi kukosa kazi kwa ajili ya mtoto mmoja. Ukurasa ule atauchana. Warudi ndani, somo lianze upya kutoka swali la kwanza, majibu yatoke kama yalivyokuwa yanatoka, na yeye ataandika ripoti ya kumtosha mtu kuajiriwa. Kisha, kama jambo dogo alilokuwa karibu alisahau, akasema yule msichana wa nyuma atumwe maji jikoni.

Omanga akaitikia haraka kwamba ni wazo zuri sana.

Hapo ndipo hasira ya Nyatichi ilipopata sura. Mpaka dakika ile alikuwa amemkasirikia mtu mmoja, mwenye tumbo lake na kijiti chake cha meno. Kumbe Omanga alikuwa mwanafunzi tu. Waliomfundisha walikuwa wanazunguka kwa magari shule hadi shule, na wao wenyewe ndio waliokuwa wamebeba kalamu. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuuchukua ule mkoba na kuutupa kwenye matope. Lakini alikuwa na binti Migori, na alichoombwa ni kitu chepesi, ni maji tu, hata mgeni mwenye kiu huletewa maji.

Akarudi ndani. Nitasema kweli: alirudi akiwa amekubali. Aliingia akijiambia kwamba akishaajiriwa atamlipa mtoto huyu kwa somo, atamfundisha jioni, atamfundisha Jumapili, atamfundisha mpaka achoke.

Hakuhitaji kumtuma. Eucabeth alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameuchukua mtungi wa plastiki wa darasa kutoka pembeni, ameukumbatia, na anaelekea mlangoni, kichwa chini. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amesoma shule za kutosha kujua kwamba wageni wakisimama barazani na kuongea kwa sauti ya chini, kuna mtu wa nyuma anayetolewa nje, na mtu huyo ni yeye.

Nyatichi alimshika mkono wenye mtungi. Aliusikia mtungi ukigonga dawati.

"Kaa chini, mama," akamwambia.

Kisha akageuka. Risper alikuwa ameketi tena, ukurasa mpya umefunguliwa. Sauti ya Nyatichi ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, lakini hakuirudisha.

"Madam, huyu hatoki. Kama ni kuanza upya, tutaanza na yeye."

Risper hakubisha. Alifunga daftari, akatia kalamu kwenye mkoba, akavuta zipu yake yote mpaka mwisho, akatoka. Kusema haki hakuonekana mwenye chuki. Alionekana mwenye haraka. Omanga alimkimbilia nyuma akiomba radhi kwa niaba ya shule, akitaja kuku. Alipofika mlangoni aligeuka, na mbele ya wanafunzi wote akamwambia Nyatichi arudishe vitabu vya shule kabla ya Ijumaa na asisubiri barua. Gari likaguruma, likaondoka.

Kwa hiyo limeisha. Nyatichi alisimama mbele ya ubao wake, ambao haukuwa wake tena, na darasa likamtazama. Alijua Sabato simu italia. Alijua atakachoulizwa. Na bado hakuwa na majuto. Alikuwa na hasira tupu, hasira safi, ya mtu aliyedhulumiwa na anayejua waliomdhulumu kwa majina.

Kipindi kilikuwa bado hakijaisha. Basi afundishe. Angalau watoto hawa wa kushoto, waliokaa wiki mbili kama mapambo, wapate somo moja kutoka kwake kabla hajakusanya vitu vyake. Akawaambia hataki kuona mkono wa mtu, wa kulia wala wa kushoto. Aliwaambia mgeni ameenda, Mwalimu Mkuu ameenda, hakuna atakayechekwa na hakuna atakayeandikwa. Ambaye hajazielewa nyakati hizi asimame tu, ili ajue aanzie wapi.

Watoto wakatazamana. Aliyesimama kwanza alikuwa Japheth.

Nyatichi alidhani anafanya mzaha, akamwambia akae, wanaosimama ni wale ambao hawajaelewa. Japheth hakukaa. Ile sauti ya kutangaza mpira ilikuwa imemwishia.

"Mwalimu, mimi nilikariri tu," akasema. "Ukiniuliza lingine sijui."

Akamuuliza. Sentensi moja rahisi, ya mtu anayelima shamba tangu jana. Hakujua. Hakujua hata pa kuanzia. Msichana wa safu ya pili akasimama. Aliyeketi kando yake akasimama. Safu ya mbele yote ikasimama, wale wa mkono wa kulia, wale waliojibu safi kila siku mbele yake huku yeye akiwaambia vizuri sana, keti. Kisha za katikati, kisha za nyuma, viti vikikwaruza sakafu, mpaka hakukuwa na mahali pa kuelekeza macho ambapo hakuna mtoto aliyesimama.

Hasira aliyokuwa nayo ikamkosa Omanga, ikamkosa Risper, ikaja ikamkalia yeye. Wiki mbili darasa hili lilikuwa lake. Hakuna mtu mwingine aliyeshika chaki humu ndani.

Kule nyuma, karibu na mlango, Eucabeth peke yake ndiye aliyekuwa ameketi.